Kuchagua Makao ya Wazee Yenye Ngazi Kadhaa za Huduma

Makao ya aina hii huuza ahadi moja: mzee anaingia akiwa bado anajitegemea, na nguvu zikipungua anahamia kwenye huduma nzito zaidi palepale. Ngazi huwa tatu au nne: nyumba ya kujitegemea, kusaidiwa kuoga, kuvaa na kutumia dawa, sehemu ya wenye ugonjwa wa kusahau, ambako milango hulindwa ili mtu asipotee, na wodi ya uuguzi wa saa 24. Bustani utaoneshwa bila kuomba. Wewe chunguza jinsi mtu anavyohamishwa kutoka ngazi moja hadi nyingine, maana familia nyingi hukwama hapo.

Anza na mkataba. Omba nakala kamili, si kipeperushi, ukausome nyumbani kwa utulivu, na ikiwezekana mwanasheria aupitie. Kwa kawaida kuna kiingilio na ada ya kila mwezi, na mikataba iko ya namna tatu. Wa kwanza una kiingilio kikubwa, lakini ada ya mwezi haibadiliki sana hata ukihamia wodini. Wa pili hukupa siku kadhaa za uuguzi, tuseme 60, zikiisha unalipa. Wa tatu una kiingilio kidogo, ila kila huduma unailipia bei kamili siku unayoihitaji. Huu wa tatu huvutia wengi kwa unafuu wake, na ndio unaoweza kumaliza akiba ya mtu atakayeuguzwa miaka mingi.

Uliza kuhusu kurudishiwa kiingilio. Kikikatwa asilimia 2 kila mwezi, baada ya miezi 50 hakuna kilichobaki. Wengine huahidi asilimia 90, lakini hawalipi mpaka nyumba ipate mkazi mpya. Dai ukomo wa muda huo uandikwe. Omba pia rekodi ya ada za miaka 10 iliyopita. Ada inayopanda asilimia 5 kwa mwaka huongezeka maradufu katika miaka 14 hivi: aliyeingia na miaka 75 atalipa mara mbili akifikisha 89.

Sasa suala la kuhama. Nani anaamua: daktari, kamati au familia? Uamuzi unapingwa vipi? Wodi ikijaa, mgonjwa anapelekwa wapi, na tofauti ya gharama ni ya nani? Kwa mke na mume, mmoja akihamia wodini, je, watalipa ada mbili? Jibu la “huwa tunaelewana” si jibu. Lisipokuwa kwenye mkataba, lihesabu kama halipo.

Usichelewe kupita kiasi. Makao mengi hupima afya kabla ya kumpokea mtu, na aliyekwisha kuanza kusahau anaweza kukataliwa ule mkataba wa kwanza, au kukataliwa kabisa.

Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na uulize nyumba ngapi zina wakazi. Zaidi ya asilimia 90 ni dalili njema. Chini ya 85 wakueleze sababu.

Tembelea mara mbili, ya pili bila taarifa, jioni au mwisho wa wiki, wafanyakazi wanapokuwa wachache. Anzia wodini, hata kama mzee wako bado anatembea vizuri. Simama kwenye korido na saa mkononi: taa ya wito ikiwaka juu ya mlango, inachukua dakika ngapi kabla mtu hajaingia? Angalia kama bilauri ya maji iko mahali mgonjwa anapoifikia. Harufu ya mkojo chumba kimoja ni ajali tu. Korido nzima ikinuka, wahudumu hawatoshi. Muulize mhudumu, si meneja, usiku anaangalia wazee wangapi na amefanya kazi hapo muda gani.

Ukiridhika, omba mzee alale hapo siku mbili tatu kwa majaribio. Na ikiwa mkataba unaruhusu kujitoa baada ya kusaini, andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda siku hiyohiyo.