Kabla hujalala mkekani: maandalizi ya somo la nyonga kwenye baridi ya Mbeya

Somo langu la kwanza la nyonga, yale masomo ya kusogeza mwili taratibu kwa njia ya Feldenkrais, nililifanya mwezi wa saba, hapa Uyole, nimelala kwenye sakafu ya saruji juu ya kitenge kimoja. Dakika 10 hazijaisha, meno yakaanza kugongana. Sauti kwenye simu inaniambia niuachie mguu, uzito wake wote uende chini, na mimi nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Nikazima simu, nikaenda kuota moto jikoni, nikajisemea mambo haya ni ya watu wa Dar wanaolala na feni. Somo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kitenge.

Masomo haya yalianzishwa na Moshé Feldenkrais, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1904 Slavuta, mji ambao leo uko Ukraine, akafariki mwaka 1984. Alisomea uhandisi Paris, akabobea kwenye judo, na goti aliloumia akicheza mpira wa miguu likamsukuma kuchunguza mtu anavyotembea, anavyokaa, anavyogeuka. Kwenye somo lake unalala chini, mwalimu anakuongoza kwa maneno tu, haonyeshi kwa mwili. Unasogeza goti kidogo nje, unalirudisha. Unainua upande mmoja wa nyonga kwa kimo cha kidole, unaushusha, unapumzika, unasikiliza kama mguu wa kulia na wa kushoto vimelala sawa. Somo moja huchukua dakika 30 mpaka 60. Jasho halitoki, na anayetaka kutoka jasho atachoshwa mapema.

Kwa nini kidogo kidogo? Wanaolima viazi huku kwetu wataelewa haraka. Ukiwa umebeba lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, mgongoni, mtu akichomeka kiazi kimoja juu yake hutajua. Ukiwa na kiazi kimoja kiganjani, akikuongeza cha pili utajua hata ukiwa umefumba macho. Msuli unaovuta kwa nguvu hausikii tofauti ndogo, na hayo masomo yanafundisha hizo tofauti ndogo. Kwa hiyo chochote kinachoufanya mwili ujihami, iwe baridi, maumivu, aibu au haraka, kinakurudisha chini ya lumbesa. Maandalizi yote ninayoyaeleza hapa ni ya kuitua.

Anza na kujua nyonga iko wapi. Mwambie mtu ashike nyonga yake, wengi watashika ule mfupa wa pembeni ambapo kina mama tunabebea mtoto. Ule ni ukingo wa juu tu. Kiungo chenyewe, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapokaa kwenye kikombe chake, kiko ndani zaidi na chini zaidi, karibu na kinena. Simama, weka vidole viwili kwenye mkunjo wa kinena, kisha inua goti taratibu kama unayepanda ngazi ya basi. Mkunjo unaojifunga chini ya vidole ndio jirani wa karibu wa kiungo hicho. Lifanye hili siku moja kabla. Mtu anayedhani nyonga yake iko kiunoni atapindisha kiuno somo zima, na kesho yake atalalamika kiuno.

Na neno lenyewe kiuno lina mambo yake. Ukiwaambia watu unakwenda kwenye somo la kiuno, watacheka na kukuuliza ngoma iko wapi. Nilizoea kusema "somo la nyonga" baada ya jirani mmoja kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimekuwa kungwi.

Kabla ya mkeka, ujue pia nani apitie hospitali kwanza. Aliyewekewa nyonga ya bandia asijifanyie mwenyewe, maana baada ya upasuaji huo kuna miendo anayokatazwa, kama kukunja mguu kupita kiasi au kuuvusha upande wa pili, na makatazo hutegemea upasuaji ulivyofanywa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asubiri daktari amruhusu. Mjamzito mwenye tumbo kubwa asilale chali muda mrefu. Masomo mengi yanawezekana kwa ubavu. Mzee aliyeanguka, hawezi kuukanyagia mguu, na mguu umegeukia nje au unaonekana mfupi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mfupa umevunjika. Kijana mwenye selimundu anayeumwa nyonga apimwe, kwani ugonjwa huo unaweza kuzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja na mfupa ukafa. Na ukiona ganzi sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa vinakutoka bila kujua, usitafute somo wala mchuaji. Hiyo ni dharura. Maumivu yanayokuamsha usiku pamoja na homa au kukonda nayo si ya kunyooshanyoosha.

Ukishavuka hapo, sakafu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na walioko Njombe na Makete wanatucheka tukisema tunasikia baridi. Kipupwe, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, saruji na vigae vinakunyonya joto hata ukiwa na sweta mbili, kwa sababu baridi inakuja kutoka chini. Tandika jamvi au mkeka kwanza, juu yake blanketi zito lililokunjwa mara mbili, juu kabisa kanga safi. Blanketi la pili liwe karibu la kujifunika wakati wa kupumzika, maana mwili unapoa haraka ukitulia. Vaa soksi. Godoro usitumie, hata kama linakuita. Sakafu ngumu inakwambia mfupa gani umegusa na upi umeinuka. Kwenye godoro kila kitu kinazama.

Halafu kuna jiko la mkaa. Najua tunavyofanya huku, tunafunga madirisha na kuliingiza chumbani kupasha joto. Usilale mkekani kwenye chumba cha namna hiyo, hata kwa nusu saa. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu, inaua waliolala na walio macho, na wewe umelala chini macho yamefumba, usingizi ukikujia unadhani umetulia tu. Pasha chumba mapema, litoe jiko nje, fungua dirisha hewa ipite, ndipo uanze. Au fanya somo saa kumi jioni, jua likiwa bado limepiga ukuta.

Mavazi ni rahisi: traki, suruali ya kulalia, kitu kisichobana kinenani. Dera halifai, ukikunja magoti linapanda na utashinda unalivuta. Toa mkanda, funguo na sarafu mfukoni. Wenye shanga wanajua wenyewe. Nyonga ikianza kubingirika, kila punje inajitambulisha. Lakini kinachosahaulika kuliko vyote ni nywele. Mama mmoja alikuja sebuleni kwangu, ninapowakusanya kina mama kwa masomo haya, amesuka rasta ndefu, kazifunga fundo kubwa kisogoni, na kila akiweka kichwa chini shingo ilikuwa imekaa kama inamtafuta mtu darini. Shingo ikikaza, mgongo unakaza, nyonga inafuata. Tulimfungulia fundo tukalihamishia utosini. Somo tulilianza upya, na mara hii aliweza kusikia mguu wake.

Ukilala chali na kidevu kinaelekea darini, weka taulo lililokunjwa chini ya kichwa mpaka uso utazame juu bila kulazimisha. Kiuno kikilalamika ukinyoosha miguu, viringisha blanketi uliweke chini ya magoti. Vitu hivi viwe mkononi mwako kabla sauti haijaanza, la sivyo utaamka katikati kuvitafuta na ulichokuwa umekisikia kitapotea.

Chakula: ugali na maharage ya mchana viachie muda wa saa mbili. Nenda chooni kwanza. Kuku watolewe ndani. Sitanii, kuku wangu mmoja alishawahi kupita juu ya tumbo langu.

Wengi wetu tunafuata rekodi kwenye simu, na mimi pia ninafuata rekodi. Mwalimu kamili wa njia hii husomea miaka 3 mpaka 4, kwa hiyo mimi ninayewakusanya kina mama sebuleni kwangu si mwalimu, ni msomaji wa maelekezo tu, na huwa nawaambia hivyo kabla hawajavua viatu. Pakua rekodi nzima kabla, bando lisije likakatikia umelala ubavu wa kushoto. Chaji simu, umeme hauagi. Zima mlio. Spika ndogo ni bora kuliko visikilizio vya waya, maana waya unakusokota shingoni ukigeuka. Na tazama mawingu: nyumba ya bati mvua ya mwezi wa kwanza ikishuka, hata mchungaji na kipaza sauti hasikiki, sembuse sauti ya upole inayokwambia upumue. Msimu wa mvua mimi hufanya asubuhi, kabla haijajikusanya.

Sasa lugha, na hapa ndipo nilipochekwa zaidi. Rekodi nyingi ni za Kiingereza, hivyo inabidi mtu asikilize kabla na kutafsiri. Kuna somo maarufu la nyonga ambalo unalala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, unawaza kwamba chini ya nyonga yako kuna uso wa saa. Namba 12 iko upande wa kitovu, namba 6 iko kwenye kifandugu. Unabingirisha nyonga kuelekea 12, kiuno kinabonyea sakafu. Unarudi kuelekea 6, kiuno kinainuka kidogo, kisha unazipitia namba zote kwa mzunguko. Nikawaambia kina mama, "Nendeni saa kumi na mbili." Nusu wakaenda kwenye namba 12 na nusu wakaenda chini, kwa sababu kwetu saa kumi na mbili mshale mfupi unasimama kwenye 6! Nikajirekebisha nikasema saa sita, mambo yakaharibika zaidi. Wawili walikuwa wanabishana wamelala chali. Siku hizi nasema "kitovuni" na "kifanduguni", na kwa pembeni "mlangoni" na "dirishani", basi. Kabla hujaongoza watu, kaa na rekodi, tafuta kila neno litakalowagongea watu kwenye saa, kulia na kushoto, na ulibadilishe. Kwa kulia na kushoto, uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia umetusaidia sana.

Watu wa nyumbani waambie mapema unachofanya. Mtu akikukuta umelala chini macho yamefumba, goti linakwenda na kurudi taratibu, ataita majirani. Mbeya hii yenye kanisa kila kona utaulizwa pia kama ni ibada ya dini nyingine. Jibu fupi linatosha: hakuna sala, hakuna maneno ya kurudia, ni kujifunza mwili unavyosogea. Anayeona aibu kulala mbele ya wanaume, apangiwe siku ya kina mama peke yao. Aibu inakaza tumbo na mapaja kuliko hata baridi.

La mwisho ni la kupanga kichwani, na ndilo gumu kwetu tuliozoea jembe. Amua kabla kwamba utafanya nusu ya unachoweza. Bibi mmoja jirani yangu, mkulima wa miaka yote, alipokuja mara ya kwanza alinitazama akasema, "Mwanangu, mimi nimeinama shambani miaka hamsini, leo unanifundisha kulala?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, lala tu, ukichoka utaniambia." Sauti iliposema sogeza goti kidogo, yeye alilisukuma mpaka mwisho, uso umekunjamana, kama anang'oa kisiki. Mara ya tatu ndipo nilipomwomba alisogeze kiasi ambacho mtu aliyekaa mlangoni asingeona. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema mguu wa kushoto unakwenda kwa vituo, kama basi la Tukuyu, na wa kulia unakwenda moja kwa moja. Miaka yote ile hakuwahi kulijua hilo. Kuna miendo ambayo hata ukikosa kabisa kuifanya, ukiiwaza tu upande mmoja, inafaa; kwa hiyo anayeumwa upande mmoja afanye ule mzima na mwingine auwaze.

Tenga pia dakika 10 za baada. Usiinuke kwa kujivuta na tumbo. Geukia ubavu, jisukume kwa mkono, kaa, ndipo usimame. Tembea ndani ya chumba. Utajisikia mrefu upande mmoja, au unyayo umekaa chini kwa namna usiyoizoea, na mwili ulio katika hali hiyo usiupandishe bodaboda papo hapo wala kuutwisha ndoo. Nawaambia hivyo kila wiki. Bibi ananiitikia vizuri, anakunja blanketi lake, anazunguka sebule mara mbili kwa adabu, halafu anapitia mlango wa nyuma kwenda kukata majani ya ng'ombe.