Jinsi ya kuutambua yicib na kujua asili yake ni wapi

Watu wakiona picha ya kichaka cha jangwani wanakimbilia kusema ni mgunga, na yicib, kichaka cha Wasomali chenye mbegu zinazoliwa, unaonewa hivyo kila siku. Anza na jani. Ligeuze uangalie upande wa chini utaona vidoti vyekundu vidogo vidogo, sugua na kidole, rangi inabaki mkononi na kuitoa ni kazi, na ndo rangi hiyo hiyo inayofanya mifupa ya mbuzi wanaokula majani yake igeuke rangi ya machungwa kabisa.

Kama kuna maua angalia petali, ziko 5 za njano zimeachana kama za mjohoro, sio lile umbo la kipepeo la ua la kunde. Halafu tafuta ganda, ni fupi na lina ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, ndani mbegu chache tu, mara nyingi 1 mpaka 4. Ganda ndo linakwambia hii ni Fabaceae, jamii ya kunde, na ua linakupeleka kwenye familia ndogo ya Caesalpinioideae. Vitabu vya zamani vitakuandikia Caesalpiniaceae kama familia kamili, usichanganyikiwe, kwenye mpangilio wa wataalamu wa mimea wa 2017 jamii ya kunde ina familia ndogo 6 na hata migunga imeingizwa humo humo.

Jina la kitaalamu ni Cordeauxia edulis, mtaalamu wa mimea Hemsley alilitoa 1907, na edulis maana yake inaliwa, kwa sababu mbegu zake watu wanazila zikiwa zimechemshwa au kukaangwa. Jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye jina la kwanza Cordeauxia, ina spishi hii moja tu! Ndugu yake wa karibu ni Stuhlmannia, mti ambao upo Kenya na Tanzania.

Sasa kwenye asili ndo wengi wanakosea. Asili yake ni Ogaden kule Ethiopia na Somalia ya kati, kwenye mchanga mwekundu, basi. Voi kule Kenya upo pia lakini ulipelekwa na watu ukapandwa, kwa hiyo ukijaza rekodi ya mmea wa Voi andika "umepandwa", tafadhali, maana ukiandika asili mtu ataangalia ramani aone eneo kubwa adhani uko salama wakati kwao unazidi kupungua, mbegu zinaokotwa zote na mifugo inamaliza machipukizi.

Na ukipewa mbegu usiziweke kabatini, hazikai muda mrefu kabla ya kufa, zipande zikiwa mbichi.