Somo: Funga ujumbe kwa kalamu, uuvunje mwenyewe, kisha uelewe kazi inayofanywa na simu yako

Kila Jumamosi asubuhi hapa Kisumu nakaa na vijana na akina mama kwenye darasa letu la kompyuta, na swali linalorudi kila muhula ni hili: "Mwalimu, hizi meseji na hizi pesa zinapita hewani, mbona mtu asizidake?" Huwa nawajibu kwamba anazidaka. Hewa haina mlango. Anachokosa ni njia ya kuzisoma. Leo tutaona kwa nini. Unahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu, hata ya mulika mwizi. Fanya kila hatua kwa mkono wako kabla ya kusoma inayofuata, kwa sababu jambo hili haliingii kwa macho peke yake.

Hatua ya 1: Funga

Tuchukue ujumbe wa muuza samaki kwa mwenzake aliye mjini: LETA BARAFU SAMAKI WAMEFIKA DUNGA. Andika herufi zote 26, A hadi Z, pamoja na Q na X ambazo Kiswahili hakina kazi nazo. Sasa isogeze kila herufi ya ujumbe nafasi 3 mbele. A inakuwa D, B inakuwa E, na ukifika mwisho unazunguka, X inakuwa A. Utapata:

OHWD EDUDIX VDPDNL ZDPHILND GXQJD

Julius Caesar aliandika barua zake za siri hivi hivi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, tena kwa nafasi hizo hizo 3. Kule kusogeza herufi ndiyo mbinu. Ile 3 ndiyo ufunguo. Shika tofauti hiyo, tutairudia.

Hatua ya 2: Vunja

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Mpe karatasi hiyo mtu asiyejua ufunguo. Akiwa na subira atajaribu funguo zote, nazo ni 25 tu. Atamaliza kabla chai haijapoa. Lakini kuna njia nzuri zaidi, na hapa nataka tukae kidogo.

Hesabu herufi moja moja. Ziko 29. D imetokea mara 8, na hakuna nyingine iliyotokea zaidi ya mara 2. Katika Kiswahili, herufi inayojirudia kuliko zote ni A. Basi D ni A, na ufunguo umeshapatikana bila kujaribu hata mmoja. Sasa angalia mwisho wa kila neno: D, X, L, D, D. Maneno yetu huishia kwa irabu, ukiondoa machache ya kukopa. Kwa hiyo hata bila kuhesabu unajua kwamba X na L ni irabu zilizofichwa. Lugha yenyewe imekusaidia kufungua mlango.

Usidhani dawa ni kuongeza idadi ya funguo. Ukiziparaganya herufi 26 ovyo, bila mpangilio wa kusogeza, funguo zinazowezekana zinafika idadi yenye tarakimu 27. Hakuna atakayezijaribu zote. Lakini bado A itajirudia kuliko wenzake, ijapokuwa imevaa nguo nyingine, na bado maneno yataishia kwa irabu. Al-Kindi, msomi wa Baghdad, aliandika juu ya kuhesabu herufi hivi katika karne ya 9. Kila nikilifundisha hili naona nyuso za wanafunzi zikibadilika, maana ndipo wanapoelewa kwamba kuvunja msimbo ni kusoma tabia za mwandishi na lugha yake.

Hatua ya 3: Ufunguo wa neno

Chukua neno OMENA liwe ufunguo. Hesabu A kuwa 0, B kuwa 1, mpaka Z kuwa 25. O inasogeza nafasi 14, M 12, E 4, N 13, na A haisogezi. S inasogezwa kwa O, A kwa M, na kuendelea; ufunguo ukiisha unauanza upya. SAMAKI inakuwa GMQNKW. Tazama: A mbili za SAMAKI zimekuwa M na N, kwa hiyo kuhesabu herufi hakukupi kitu moja kwa moja. Watu waliutegemea mtindo huu kwa karne kadhaa. Ukavunjwa hata hivyo, na Friedrich Kasiski, afisa wa jeshi la Prussia, akachapisha njia yake mwaka 1863: ufunguo unajirudia kila baada ya herufi 5, na ujumbe ukiwa mrefu marudio hayo yanaonekana. Ukishajua ni 5, unaugawa ujumbe katika mafungu 5, kila fungu likiwa na herufi zilizosogezwa kwa herufi moja ya ufunguo, na kurudi kwenye Hatua ya 2.

Hatua ya 4: Weka siri mahali pake

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kanuni ambayo wahandisi wanaifuata mpaka leo: mbinu ichukulie kwamba adui ameshaijua, siri ibaki kwenye ufunguo peke yake. Ndiyo maana mbinu iitwayo AES, inayolinda data nyingi za simu na benki duniani, imechapishwa wazi tangu 2001, na yeyote anaweza kuisoma. Imeshambuliwa na wataalamu miaka yote hiyo na bado imesimama.

Na mbinu nzuri huanguka mikononi mwa mtumiaji mzembe. Mfano uko hapa hapa Kenya. Aprili 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walihamishia kituo chao cha kuvunja misimbo ya Kijapani kutoka Colombo hadi Kilindini, Mombasa, wakakiweka katika shule ya Allidina Visram. Septemba mwaka huo kosa la Wajapani wenyewe liliwapa wavunjaji wale upenyo wa kuingia kwenye JN-40, msimbo wa meli za biashara. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma kila ujumbe unaoingia. Darasani watu wamezoea kusikia habari za Enigma, mashine ya misimbo ya Wajerumani, na Alan Turing, Mwingereza aliyesaidia kuivunja, na ni habari kubwa, ila mimi hii ya Mombasa naipenda zaidi. Imetendeka kwenye madarasa ya shule, ufukweni mwetu.

Hatua ya 5: Kubalianeni ufunguo mbele ya watu

Hapa ndipo penye ajabu. Muuza samaki na mwenzake wanahitaji ufunguo mmoja, lakini hawajawahi kukutana, na kila neno wanalosema linasikika. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia.

Darasani nilimsimamisha mama mmoja dirishani na kijana mmoja mlangoni, sisi wengine katikati tukisikiliza. Nikatangaza nambari mbili kwa wote: 13 na 2. Mama akachagua nambari ya siri, 5, asiseme. Akaizidisha 2 kwa yenyewe mara tano: 2×2×2×2×2 = 32. Akagawanya kwa 13, akachukua baki: 6. Akapaza sauti, "Sita!" Kijana alichagua 4. 2×2×2×2 = 16, baki 3. "Tatu!"

Mama akaichukua ile 3 ya kijana, akaizidisha kwa yenyewe mara tano: 243. Ukigawanya kwa 13 unapata 18 na baki 9. Kijana akaichukua 6 ya mama mara nne: 1296, na baki yake ni 9. Nikawaambia waandike majibu kwenye viganja na kuvionyesha. Tisa na tisa. Darasa zima lilisikia 13, 2, 6 na 3, na hakuna aliyesikia 9.

Kijana mmoja wa nyuma aliivunja papo hapo, na alifanya vyema. Aliandika 2, 4, 8, kisha 16 baki 3, kisha 32 baki 6, akasema siri ya mama ni 5. Kwa nambari ndogo inawezekana. Sasa mahali pa 13 weka nambari tasa yenye tarakimu zaidi ya 600. Kwenda mbele kompyuta inapiga hesabu hiyo kwa kufumba na kufumbua. Kurudi nyuma, hakuna anayejulikana kuwa na njia ya kuimaliza kwa kompyuta za leo.

Simu yako hufanya hesabu ya jamaa hii kila unapofungua tovuti salama, inapata ufunguo, kisha AES au mbinu nyingine ya namna hiyo inafunga maneno yenyewe. Angalia tu kufuli linafungwa wapi na kufunguliwa wapi. Kwenye WhatsApp, tangu Aprili 2016, ujumbe hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji. Meseji ya kawaida ya SMS haiko hivyo. Mtandao unaoibeba unaweza kuisoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kakamega: Shikamoo Mwalimu. Kama hesabu hizi hazivunjiki, mbona watu wanaibiwa pesa kwenye simu kila siku?

Marahaba. Kwa sababu mwizi haendi kwenye hesabu, anakuja kwako. Shangazi yangu anauza omena soko la Kibuye. Alipigiwa simu saa ambayo wateja wamejaa, sauti ya adabu, akiambiwa laini yake itafungwa leo na kwamba asome ile nambari ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye meseji. Akaisoma. Ile ndiyo iliyokuwa ufunguo. Aliyempigia aliingia kwenye akaunti yake ya WhatsApp, akaanza kuomba pesa kwa wanachama wa chama chao kwa jina lake, na wawili walituma. Hakuna msimbo uliovunjwa. Nimelisimulia kwa ruhusa yake, na anataka mjue. Meseji yenye nambari kama hiyo haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijua jina lako na la mwanao. Na kwenye mipangilio ya WhatsApp washeni uthibitishaji wa hatua mbili leo hii.

Mwanachama, Nakuru: Nikiona alama ya kufuli kwenye kivinjari, tovuti ni ya kuaminika?

Hapana. Kufuli linasema njia kati yako na tovuti hiyo imefungwa. Halisemi aliye upande wa pili ni mtu wa aina gani. Tapeli naye hupata kufuli, na bure. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi.

Mwanachama, Busia: Chama chetu tumebuni msimbo wetu. Tunageuza silabi kama watoto wanaocheza kinyume, "samaki" inakuwa "kisama", halafu tunachanganya Kiluhya. Nani atatuweza?

Ndugu yangu, mwenzenu mmoja akigombana na chama akaondoka, siri yote ameondoka nayo, na nyinyi hamna ufunguo wa kubadilisha. Ndilo alilokuwa analisema Kerckhoffs. Endeleeni nayo kwa raha ya lugha. Hesabu za pesa ziwekeni kwenye programu inayofunga ujumbe mwanzo hadi mwisho.

Mwanachama, Kisumu: Mwalimu, nimerudia Hatua ya 5 nyumbani na dada yangu, na nimeona shimo. Je, mtu akisimama katikati, amwambie mama yeye ndiye kijana, na amwambie kijana yeye ndiye mama?

Umeona vizuri sana. Atapatana ufunguo mmoja na mama na mwingine na kijana, na atasoma kila kitu akikipitisha. Hesabu ile inaficha ufunguo, haithibitishi unaongea na nani. Kwa tovuti, kazi hiyo hufanywa na vyeti ambavyo kivinjari hukagua. Ndiyo sababu onyo la cheti kibaya usilipuuze. Kwa WhatsApp, fungua jina la mtu, gusa sehemu ya usimbaji (yaani kule kufunga ujumbe), utaona tarakimu 60. Kaeni pamoja mlinganishe. Zikifanana, hakuna aliyesimama katikati.

Mwanachama, Bungoma: Nasikia kompyuta za kwanta zitavunja kila kitu.

Si kila kitu. Kompyuta ya kwanta ni aina nyingine ya kompyuta, inayopiga hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo sana. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta kubwa ya aina hiyo ingerudi nyuma kwenye hesabu kama za Hatua ya 5. AES haiangushwi na njia hiyo. Na mbadala umeshaanza: Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vilivyotengenezwa kustahimili kompyuta hizo.

Mwanachama, Siaya: Tupe zoezi.

Hili hapa. Kila herufi imesogezwa idadi moja, siwaambii ngapi. Ujumbe ni mfupi, kwa hiyo herufi ya kwanza na ya pili kwa wingi zimekaribiana. Msiamini hesabu peke yake, tazameni na miisho ya maneno.

RLZOV ABUHRBAHUH RPIBFL ZHH UUL

Atakayeifungua atajua tunaonana wapi na saa ngapi.