Kupunguza uzito wa kifyatulio cha bunduki ya kuwindia, na namna ya kuhakikisha bado ni salama

Mwindaji akikosa shabaha huilaumu darubini kwanza, kisha mtutu, kisha risasi. Mara nyingi kosa liko kwenye kidole. Bunduki yenyewe ina uzito wa kilo 3.5 hivi, kifyatulio (triga, kama tunavyokiita karakana) kikidai nguvu ya kilo 2.5 kabla hakijaachia (nguvu hiyo ndiyo tunayoiita uzito wa kifyatulio), mtutu utakuwa umeshahama pale risasi inapotoka.

Ninayoeleza hapa yanahusu bunduki za komeo la kuvuta kwa mkono, zenye skrubu ya kurekebishia iliyowekwa na mtengenezaji. Kama yako haina skrubu hiyo, usikate springi wala usipitishe tupa kwenye chuma chochote cha ndani. Nunua kifyatulio kizima kinachorekebishika. Na kama sheria ya kwenu inataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, mpelekee.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tupu

Toa magazini (kisanduku cha risasi), fungua komeo, tazama ndani ya chemba inayokaa risasi nyuma ya mtutu, kisha ingiza kidole kidogo upapase. Risasi zote za moto zipelekwe chumba kingine, hata zile za mfukoni. Kwenye meza ibaki risasi bandia ya mazoezi tu.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kugusa skrubu

Mizani ya springi yenye ndoano, kama ile ya kupimia samaki, inatosha iwapo inasoma gramu 50 kwa 50. Bana bunduki kwenye jiliwa iliyovikwa kitambaa kinene, koki (fungua na ufunge komeo ili pini ya kufyatulia iwe tayari kuruka), ondoa kufuli ya usalama, tia ndoano katikati ya mkunjo wa kifyatulio, kisha vuta nyuma polepole, sambamba na mtutu. Soma namba pale kinapoachia. Rudia mara 10 na uandike kila namba.

Usikimbilie wastani. Tazama kwanza namba zinavyotofautiana. Moja ikisema kilo 1.9 na inayofuata 2.4, una uchafu au mafuta yaliyoganda ndani. Safisha kwa dawa inayokauka bila kuacha utando, kisha pima upya. Wateja kadhaa nimewarudishia bunduki zao baada ya kusafisha tu, skrubu sikuigusa, nao wakaridhika.

Hatua ya 3: Zitambue skrubu

Toa bunduki kwenye mti wake (kitako na sehemu ya kushikia) na ufungue kitabu chake cha maelekezo. Kifyatulio kinachorekebishika huwa na skrubu 1 hadi 3. Ya kwanza hukaza au kulegeza springi, na hiyo ndiyo inayobadilisha uzito. Ya pili huamua kifyatulio kitasogea kiasi gani baada ya kuachia. Ya tatu huamua jino la kifyatulio limeshika kwa kina gani kile kipande kinachozuia pini ya kufyatulia isiruke mbele.

Hiyo ya tatu iache. Ukipunguza mashiko, kifyatulio kitakuwa kitamu ajabu kidoleni, kinavunjika kama kijiti kikavu, na ndiyo maana watu huichezea. Lakini hapo bunduki nzima inazuiwa na ukingo mwembamba wa chuma, na kishindo kidogo kinatosha kuuteleza.

Hatua ya 4: Rekebisha

Weka alama ya kalamu kwenye kichwa cha skrubu ya uzito ili uweze kurudi ulipoanzia. Geuza robo mzunguko, pima mara 3, geuza tena. Kwa kawaida kulegeza skrubu hupunguza uzito, ila kitabu ndicho chenye kauli ya mwisho.

Kwa uwindaji wa kawaida mimi huishia kati ya kilo 1.1 na 1.6. Anayevaa glavu nene, au anayemfuata mnyama awezaye kumgeukia, namwachia 1.8. Kiwango cha chini alichoandika mtengenezaji usikivuke hata kwa gramu 50.

Hatua ya 5: Ijaribu kwa ukali

Hapa tumia muda mrefu kuliko hatua zote zilizotangulia. Rudisha bunduki kwenye mti wake, kaza skrubu zake, tia risasi bandia.

Funga komeo kwa nguvu mara 20. Pini isiruke hata mara moja. Kisha koki, weka kufuli ya usalama, vuta kifyatulio kwa nguvu, kiachie, ondoa kufuli bila kugusa kifyatulio. Kimya? Vizuri, rudia mara 10. Halafu, ikiwa imekokiwa na kufuli imeondolewa, dondosha kitako kwenye zulia la mpira kutoka sentimita 30, na upige pande zote za bunduki kwa nyundo ya mpira.

Ikifyatuka mara moja tu, hata kama mara 19 nyingine imetulia, imeshindwa. Ongeza uzito na uanze majaribio upya. Niliwahi kuletewa bunduki iliyoshushwa hadi gramu 700, mwenyewe anajivunia. Ilifyatuka komeo lilipofungwa mara ya 4.

Hatua ya 6: Funga skrubu

Tone moja dogo la gundi ya skrubu, kwenye kichwa tu. Mwaka 2014 kampuni ya bunduki ya Remington iliziita zirudishwe bunduki zake za Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro, kwa sababu gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha ingeweza kuzifanya zifyatuke zenyewe. Wakati wa kupaka, geuza bunduki ili tone lisitiririke ndani.

Gundi ikishakauka, pima tena na urudie hatua ya 5 yote. Kisha nenda uwanja wa shabaha, mtutu umeelekezwa kwenye kingo ya udongo, na utie risasi moja moja kwa mizunguko 10 ya kwanza kabla ya kujaza magazini.