Jinsi ya kuhamisha tovuti kwa mwenyeji mpya na kubaki na jina lako

Wengi huendelea kumvumilia mwenyeji mbovu, yaani kampuni inayohifadhi tovuti yao, kwa kuogopa kwamba wakihama watapoteza jina la tovuti. Hofu hiyo haina msingi. Jina la kikoa (kama example.com) na nafasi ya kuhifadhi tovuti ni huduma mbili, hata kama unazilipia kwenye akaunti moja. Jina limeandikishwa kwa msajili, yaani kampuni inayosajili majina. Faili na hifadhidata zimo kwenye seva ya mwenyeji. Kinachoziunganisha ni rekodi za DNS, zinazosema jina hili lipo kwenye anwani gani ya IP. Kwa hiyo unanakili kilichomo kwenye seva, unakijaribu kule kupya, kisha unabadilisha rekodi. Jina linaweza kubaki kwa msajili yuleyule.

Anza kwa kuhakikisha kwamba jina ni lako kweli. Litafute kwenye lookup.icann.org, ukurasa wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, uone msajili ni nani na usajili unaisha lini. Kisha ingia kwenye akaunti ya msajili wewe mwenyewe, kwa nenosiri lako. Kama aliyekutengenezea tovuti alisajili jina kwa jina lake mwenyewe, mwombe kwa maandishi akukabidhi, na usiendelee mpaka ulipate. Angalia pia barua pepe iliyoandikwa kwenye usajili. Ikiwa ni ya kikoa hichohicho, weka nyingine, kwa sababu barua pepe zikikatika katikati ya zoezi, hata ujumbe wa uthibitisho kutoka kwa msajili hautakufikia.

Siku moja au mbili kabla ya kuhama, fungua ukurasa wa DNS kwenye akaunti ya msajili au ya mwenyeji, na unakili kila rekodi iliyopo: A na AAAA (anwani ya IP ya tovuti), CNAME (jina linaloelekeza kwenye jina jingine), MX (seva inayopokea barua pepe) na TXT (maandishi). Picha ya skrini inatosha, lakini maandishi ni bora kwa sababu utayabandika baadaye. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanakumbuka rekodi ya A, tovuti inafunguka vizuri, kisha baada ya siku mbili wanagundua hakuna barua pepe iliyoingia, kwa kuwa MX haikunakiliwa. Rekodi za TXT nazo hubeba SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Zikikosekana, barua unazotuma zinaweza kuishia kwenye taka.

Ukiwa papo hapo, punguza TTL. Hiyo ni idadi ya sekunde ambazo seva nyingine zinaruhusiwa kukumbuka rekodi yako kabla ya kuuliza tena. Ikiwa ni 86400, mtu aliyefungua tovuti asubuhi anaweza kuendelea kupelekwa kwenye seva ya zamani hadi kesho yake. Iweke 300, yaani dakika 5, kisha subiri muda wa ile TTL ya zamani upite.

Sasa nakili. Pakua faili zote, pamoja na zile zinazoanza na nukta kama .htaccess, ambazo programu nyingi huzificha. Toa nakala ya hifadhidata ya MySQL kwa phpMyAdmin (ukurasa wa kuisimamia kwenye kivinjari) au kwa amri ya mysqldump, uiingize kwenye hifadhidata mpya, na uhakikishe usimbaji wa herufi, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa, ni uleule, la sivyo alama za nukuu na herufi zenye vitone zitageuka takataka. Kwa WordPress, fungua wp-config.php urekebishe DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST, yaani jina la hifadhidata mpya, mtumiaji wake, nenosiri na seva yake. Kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe kwa saa maalumu huwa hazimo kwenye faili hizo. Ziandike upya kwa mkono.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: jaribu tovuti mpya kabla dunia haijaiona. Kwenye kompyuta yako fungua faili ya hosts, iliyoko /etc/hosts kwa Linux na Mac, au C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Windows, na uongeze mstari wa namna hii:

203.0.113.25 example.com www.example.com

Weka IP ya seva mpya na jina lako. Kuanzia hapo kompyuta yako peke yake itafungua tovuti iliyo kwenye seva mpya, na wengine wote wataendelea na ya zamani. Kivinjari kikikuonya kuhusu cheti cha HTTPS, kinachothibitisha kwamba tovuti ni ya jina hilo kweli, ni kwa sababu seva mpya bado haina chake. Ingia kama msimamizi, pakia picha, tuma fomu ya mawasiliano, fungua kurasa za ndani. Rekebisha kila kilichovunjika, kisha ufute ule mstari. Ukiusahau hutajua wenzako wanaona nini.

Siku ya kuhama, simamisha kwanza maoni, maagizo na makala mpya, maana kitakachoandikwa kwenye hifadhidata ya zamani baada ya nakala ya mwisho hakitakufuata. Chukua nakala hiyo ya mwisho, kisha badilisha rekodi ya A, na AAAA kama ipo. Kama DNS inaendeshwa na mwenyeji unayemwacha, itakubidi ubadilishe seva za majina (zinazotunza rekodi zako za DNS) kwa msajili, na rekodi zote ulizonakili ziwe zimeshaingizwa kule kupya. Njia hii ni ya polepole: kwa .com, taarifa ya seva za majina hukumbukwa kwa sekunde 172800, yaani siku 2, na TTL yako haina usemi hapo. Kama unatumia DNSSEC, yaani sahihi za kuthibitisha majibu ya DNS, ondoa rekodi yake ya DS kwa msajili mapema, la sivyo jina halitafunguka kwa watumiaji wengi. Baada ya hapo omba cheti cha HTTPS. Let's Encrypt hukitoa bure.

Thibitisha kwamba jina sasa linaelekea IP mpya kwa amri ya dig +short example.com, au nslookup kwenye Windows, ukiweka jina lako.

Je, unataka kuhamisha na usajili wa jina? Fanya hivyo baadaye, tovuti ikishatulia. Kwa majina kama .com na .org, ondoa kufuli ya uhamisho na uombe msimbo wa uhamisho. Kanuni za ICANN zinamtaka msajili akupe ndani ya siku 5. Mpe msajili mpya msimbo huo, lipa, na uthibitishe ombi. Msajili wa zamani asipojibu, uhamisho hupita wenyewe baada ya siku 5, na kwa kawaida usajili huongezewa mwaka 1. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa ndani ya siku 60 zilizopita linaweza kukataliwa. Majina ya nchi yana taratibu zake.

Akaunti ya zamani usiifunge upesi. Tazama kumbukumbu za seva yake mpaka wageni wakome kuingia, hamisha barua pepe zilizobaki humo, na usome masharti ya kifurushi: ikiwa jina lilikuja bure pamoja na nafasi ya kuhifadhi tovuti, uliza kwa maandishi litakuwaje kabla hujabonyeza kitufe cha kufuta.