Jinsi ya kubishana kama mchezaji wa kikapu ni "mtu wa pancha"

Mimi ni fundi pikipiki, gereji yangu iko Chikongola, Mtwara mjini. Mbele yake pana mkungu, chini ya mkungu pana benchi, na kila ikishaswaliwa alasiri benchi hilo hujaa watu wasio na pikipiki wala shida ya pikipiki. Wamefuata kahawa na ubishi. Wengi ni Simba na Yanga. Sisi wa kikapu tuko wanne tu, tukimhesabu na shemeji yangu ambaye hubadilisha timu kila msimu. Ndio tunaoamka saa tisa na nusu usiku kuangalia NBA kwenye simu, kisha mchana tunasinzia juu ya injini za watu.

Ubishi wetu mkubwa hauhusu nani mkali. Huo tulishauchoka. Ni huu: fulani ni mtu wa pancha, yaani wa kuumia kila mara, au ameandamwa na mikosi tu? Nimeubishia miaka, na mara moja nusura unikosanishe na shemeji huyo huyo. Kwa hiyo naeleza namna ya kuuendesha mpaka ufike mahali, maana ukiuachia uende wenyewe utaishia kwenye "we hujui kikapu", kisha watu wanakunja miguu na kununa.

Kabla ya kutaja jina la mchezaji, kubalianeni pancha ni nini. Mteja akija kwangu anasema neno moja tu: "Fundi, pancha." Mimi nikifungua tairi nakutana na mambo matatu tofauti. Kuna msumari: tairi zima, tyubu nzima, umepita tu palipomwagwa mbao. Kuna tairi lililokwisha, limebaki uzi, hilo hata jiwe dogo linalitoboa. Na kuna rimu iliyopinda kwa ndani, inayokata tyubu polepole. Huyu wa rimu ukimwekea tyubu mpya leo, Ijumaa atarudi, na atakulaumu wewe. Wote watatu wameishiwa upepo, wote wanasukuma pikipiki juani, lakini mtu wa pancha hasa ni huyo wa tatu. Tatizo lake liko ndani na litarudi hata barabara ikiwa lami tupu.

Mkishakubaliana hapo, nusu ya kelele imekwisha. Nusu nyingine inamalizwa na daftari.

Mimi nina daftari la gereji, kila pikipiki ina ukurasa wake, na nyuma yake nimechora kurasa za wachezaji kwa mtindo ule ule. Andika mwaka, kiungo kilichoumia, upande, chanzo, na mechi alizocheza msimu huo. Upande ndio watu wanaousahau. Mtu atakwambia "magoti yake mabovu" bila kujua kama ni goti moja lililoumia mara tatu au magoti mawili kwa zamu, na hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Mkumbushe kwa upole: upande gani?

Tumchukue Joel Embiid, mwana wa Yaoundé, Cameroon, maana ndiye anayegombanisha benchi letu kuliko wote. Timu ya Philadelphia walimchukua akiwa wa 3 kwenye uteuzi wa 2014, ule ambao timu za NBA hugawana wachezaji wapya. Ukurasa wake kwangu unasomeka hivi:

2014 na 2015: unyayo wa kulia, mfupa mdogo juu ya upinde wa mguu, upasuaji mara mbili. Misimu miwili, mechi 0.
2016–17: gegedu ya goti la kushoto. Mechi 31.
2018: mfupa wa jicho, kagongana na Markelle Fultz, mwenzake wa timu moja. Mechi 63.
2022: mfupa wa jicho la pili, kiwiko cha mpinzani, Pascal Siakam, kwenye mtoano. Mechi 68.
2024: gegedu ya goti la kushoto, Jonathan Kuminga kamwangukia. Mechi 39.
2024–25: goti la kushoto tena, upasuaji tena. Mechi 19.

Huo mfupa wa unyayo una sifa moja mbaya: unapata damu kidogo, kwa hiyo ukivunjika huchelewa kuunga. Ukilijua hilo, misimu miwili ya mwanzo haikushangazi sana.

Sasa angalia watu wanavyocheza na hesabu. Kati ya kuteuliwa kwake na mwisho wa msimu wa 2024–25, timu yake ilicheza mechi 883 za msimu wa kawaida. Yeye amecheza 452. Ni nusu na chembe, 51 kwa 100. Shemeji huwa anaanzia hapo na kunywa kahawa kama aliyeshinda kesi. Lakini toa ile misimu miwili ya unyayo, inakuwa 452 kwa 719, yaani 63 kwa 100. Kisha chukua misimu sita ya katikati tu, kuanzia 2017–18 hadi 2022–23 alipotwaa tuzo ya mchezaji bora: 363 kwa 473, karibu 77 kwa 100. Mtu yule yule, mwili ule ule. Kwa hiyo mpinzani akikurushia asilimia, usipinge asilimia, muulize ameanza kuhesabu lini na kwa nini hapo. Na ulizeni pia msimu wenyewe ulikuwa na mechi ngapi, kwa sababu si kila mwaka ni 82. Mwaka 2011–12 zilikuwa 66 kutokana na mgogoro wa mikataba, na 2020–21 zilikuwa 72 kwa ajili ya korona. Nimeshamwona mtu mzima akimshutumu mchezaji kwa kukosa mechi ambazo hazikuwahi kupangwa.

Halafu kuna waliopumzishwa. Kawhi Leonard alicheza mechi 60 msimu wa 2018–19 na Toronto wakachukua ubingwa. Nyingi ya zile alizokosa alipumzishwa kwa mpango, baada ya mwaka wa kabla yake kucheza 9 tu. Hizo ziandikie pembeni, kwa kalamu nyingine. Pikipiki iliyofunikwa turubai nyumbani kwa bosi haijaharibika.

Chanzo ndicho kinachotaka muda. Mimi nilikuwa nafuta kila kitu chenye mgongano. Nilisema mgongano na Fultz na kiwiko cha Siakam ni misumari ya barabarani, mfupa wa jicho hauna undugu na goti, basi, toa. Shemeji akanirudisha kwenye kazi yangu. "Shemeji, bodaboda akikuletea pikipiki imegongwa, utasema bahati mbaya. Akikuletea imegongwa mara ya nne ndani ya mwaka, hutauliza anaendeshaje?"

Nilikaa kimya, kwa sababu kweli nauliza. Mtu wa mita 2.13 na kilo zinazokaribia 127, anayekaa katikati ya msongamano chini ya kikapu na kuanguka chini mara nyingi kuliko wengine wa umbo lake, anajiweka mahali pa ajali. Kwa hiyo siku hizi sifuti mgongano. Naugawa: alikuwa amesimama akagongwa, au aliufuata mwenyewe? Na muhimu zaidi, kiungo kilichogongwa kilikuwa kizima kabla ya kugongwa?

Hapo ndipo mstari wa 2024 unapokuwa mzito. Tarehe 27 Januari aliondolewa kwenye mechi ya Denver muda mfupi kabla haijaanza, kwa sababu ya goti la kushoto. Maneno yakawa mengi, kwamba anamkimbia Jokić, nyota wa Denver. Msimu huo wa 2023–24 ndio pia ulikuwa wa kwanza wa ile kanuni kwamba mchezaji asiyefikisha mechi 65 hagombei tuzo kubwa, na yeye hesabu ilikuwa inambana. Tarehe 30 akaingia dhidi ya Golden State, anachechemea, na Kuminga akamwangukia mguu ule ule. Ni msumari? Msumari upo. Lakini umepiga tairi ambalo tayari uzi unaonekana, na aliyelitoa gereji alikuwa na haraka. Mimi safu hiyo naiita "alirudi lini", na nakushauri uiongeze mwisho wa daftari lako, maana bila hiyo utawalaumu watu kwa makosa ya wengine.

Nalijua hili kwa mguu wangu. Nilikuwa kidato cha tatu, tunajiandaa na Umisseta, michezo ya shule za sekondari, uwanja wetu saruji iliyopasuka na mchanga juu yake. Nikaruka kuchukua ribaundi, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, enka ya kulia ikageuka. Ikavimba kama boga. Siku ya tisa mwalimu aliyekuwa anatunoa akasema nikaze, kitambaa kikafungwa, nikaingia. Ikageuka tena kabla robo ya kwanza haijaisha, safari hii hakuna aliyenigusa. Muhula uliofuata tena. Wakanipa jina la Yai. Mpaka leo kuna watu Mikindani wananiita Yai na jina langu hawalijui.

Baadaye sana ndipo nilipoelezwa na mtu wa mazoezi ya viungo kwamba enka ikiteguka, kano zinalegea na mguu unapoteza ile akili ya kujua umekanyaga vipi. Usipoufundisha upya, kwa kusimama mguu mmoja na mazoezi ya namna hiyo, utageuka hata ukiwa unashuka ngazi. Tyubu ina kiraka, lakini solusheni haijakauka na umeshapakia magunia mawili ya korosho unatoka nayo Tandahimba. Kiraka kikibanduka njiani utasema tyubu mbovu?

Ndiyo maana nasema usifunge ukurasa wa mtu mapema. Stephen Curry msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 kati ya 66. Enka ya kulia ilipasuliwa mwaka 2011 na tena 2012. Golden State wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44, na wapo waliosema fedha zimetupwa baharini. Misimu mitano iliyofuata alicheza 78, 78, 80, 79 na 79. Ungekuwa umeshaandika "rimu imepinda" kwa wino, ungekula daftari lako. Grant Hill naye: alipohamia Orlando mwaka 2000 alicheza mechi 4, kisha 14, kisha 29, kisha msimu mzima hakucheza kabisa. Nani angembishia mtu aliyesema huyu kwisha? Msimu wa 2008–09, akiwa na miaka 36, alicheza zote 82 akiwa Phoenix, jambo ambalo hata ujanani hakulifanya.

Shemeji, kwa haki yake, hujibu kwamba kwa kila Curry kuna Greg Oden. Wa 1 kwenye uteuzi wa 2007, na kwa miaka yote ya Portland jumla yake ni mechi 82. Msimu mmoja. Hapo sina la kusema, namwongezea kahawa.

Lugha nayo iangalie. Sema "goti lake la kushoto limemrudia mara tatu", usiseme "mwili wake mbovu" au "mlegevu". La kwanza linapimika na linaweza kubishiwa. La pili ni tusi, na mzee wetu wa kahawa akilisikia huchukua birika lake na kuondoka. Na ukiona mwenzako anataja jeraha usilolijua, usikaushe. Mwambie, "Dogo, fungua simu tuone," kisha subiri intaneti irudi. Kijiwe kizima kitasubiri, tena watasaidia kutafuta palipo na mtandao.

Mwisho kila mtu atoe hukumu kiungo kwa kiungo, wala si mchezaji kwa ujumla wake. Yangu juu ya Embiid nimeitoa mara nyingi: unyayo wa kulia, ulipona, tangu aanze kucheza 2016 haujamfungia tena msimu. Mifupa ya macho, ajali, ingawa swali la uendeshaji lipo. Goti la kushoto, hiyo ni rimu, nimekubali, shemeji ashinde.

Tuna sharti moja pale: anayetaja upande kimakosa anawalipia wote kahawa. Wiki iliyopita nilikuwa naeleza hukumu hiyo kwa kujiamini, nikatupia na mwaka 2021, gegedu iliyochanika kwenye mtoano dhidi ya Washington, kama ushahidi zaidi wa goti lile la kushoto. Dogo wa kioski cha miamala, ambaye hata kikapu hafuatilii, akafungua simu. Lilikuwa la kulia. Nimelipa vikombe kumi na moja, shemeji amekunywa vitatu, na ukurasa wa Embiid sasa una mstari mpya ambao sijaamua niuweke wapi.