Jinsi ya kukadiria gharama ya taa na soketi za nje kabla ya kumwita fundi

Swali ninaloulizwa sana kwa simu ni hili: "Fundi, taa nne na soketi mbili za nje ni bei gani?" Kwa simu sina jibu. Taa nne zikikaa kwenye ukuta wa nyumba, kazi ni nyepesi. Zikipangwa kandokando ya njia ya kwenda getini, kebo na uchimbaji vinaweza kuzidi bei ya taa zenyewe. Kwa hiyo anza na futikamba, duka litafuata.

Hatua ya 1: Chora, pima. Kwenye karatasi onyesha kisanduku cha breka, kila taa, kila soketi na kila swichi. Pima njia itakayopita kebo: inafuata ukuta, inazunguka kibaraza, inakwepa shimo la maji taka. Ongeza kama asilimia 10 kwa ajili ya kona na maungio. Andika pia aina ya ardhi, maana saruji ikivunjwa lazima irudishiwe, na hilo lina bili yake.

Hatua ya 2: Tenganisha kazi ya ukutani na ya bustanini. Soketi ya nje inayopakana na soketi ya ndani, ukuta ukiwa katikati, ndiyo rahisi kuliko zote: tundu moja na kipande kifupi cha waya. Bustanini mambo hubadilika. Unahitaji mtaro wa kina cha sentimita 45 hadi 60, mchanga wa kulaza kebo, utepe wa tahadhari juu yake, na kebo yenye ganda la nyaya za chuma. Kuchimba mwenyewe kunapunguza gharama, ila usifukie kabla fundi hajaona. Na mtaro ukiwa bado wazi, laza bomba moja tupu la ziada. Ukitaka taa nyingine baadaye, hutachimba tena.

Hatua ya 3: Unene wa kebo. Taa hutosheka na milimita mraba 1.5, soketi 2.5. Umbali ukiwa mrefu, umeme hupungua njiani. Kebo ya shaba ya 2.5 ikibeba ampia 13 kwa mita 40 hupoteza volti 9 hivi. Ya 4 hupoteza chini ya 6. Ndiyo maana fundi mmoja anaweza kukuandikia kebo ya bei kubwa kuliko mwenzake bila kukuibia.

Hatua ya 4: Vifaa vya nje. Soma alama ya IP, yaani kiwango cha kinga ya kifaa: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP44 inafaa chini ya paa, IP65 panapopigwa na mvua, IP67 kwa taa za kuzikwa ardhini. Kwa soketi, uliza kama kifuniko kinafunga hata plagi ikiwa ndani; nyingi za bei rahisi hazifungi. Chagua LED. Wati 10 hivi hutoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60.

Hatua ya 5: Ulinzi. Hapa usibane matumizi. Soketi za nje zilindwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30. Taa ziwe na breka yake, na soketi ziwe na breka yake nyingine, ili soketi ikilowa usibaki gizani. Mwambie fundi afungue kisanduku kabla hajataja bei: kikiwa kimejaa, au waya wa ethi (unaopeleka umeme unaovuja ardhini) ukiwa mbovu, marekebisho hayo yanaweza kuwa ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Hatua ya 6: Omba bei iliyochanganuliwa. Kebo kwa mita, uchimbaji kwa mita, vifaa, kisanduku, upimaji, na cheti pale sheria inapokidai. Anayetoza kwa "pointi" aeleze pointi inabeba nini. Bei ikiwa chini mno, kwa kawaida kinachokosekana ni upimaji: ukinzani wa kihami (ganda la plastiki la waya) ukipimwa kwa volti 500 usipungue megaohmu 1, na kile kifaa cha kukata umeme kipimwe kwa chombo cha kupimia, kubonyeza kitufe chake hakutoshi.

Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki hadi taa ziwashwe usiku. Mchana huwezi kujua kama taa ya geti inamulika njia au dirisha la jirani.